Mkwaju wangu wa bonsai unapukutisha majani: tatizo ni chungu, udongo au maji?

BintiTabata

Habari zenu wanajamvi. Naomba ushauri, na kama inawezekana uje mapema, maana kila asubuhi nafagia majani.

Nina mkwaju nilioupanda kwa mbegu Ramadhani ya mwaka 2018. Tulikuwa tunatengeneza juisi, mbegu moja nikaifukia kwenye kopo la rangi la lita 4, lile la bati, nikalitoboa chini kwa msumari. Tangu hapo nimekuwa nikiupogoa na kuukunja kwa waya taratibu. Sasa una sentimita 42 na shina chini lina unene wa sentimita 4 hivi, lina magamba kama mkwaju wa kweli wa barabarani. Watu wakija nyumbani wanaanza kuuangalia huo kabla hawajakaa.

Wiki saba zilizopita niliuhamishia kwenye bakuli la kauri la kung'aa, urefu sentimita 30, kina sentimita 5, ili uonekane bonsai kamili, yaani mti mdogo wa chungu wenye sura ya mti mkubwa. Bakuli lilikuwa na tundu moja dogo katikati. Chini niliweka kokoto, juu nikaweka udongo uleule mweusi wa bustanini uliochanganywa na samadi. Namwagilia kila siku kama zamani. Majani yameanza kuwa njano kutoka ndani kwenda nje, sasa yanadondoka hata yakiguswa na upepo, na nikisogeza pua udongo unanuka kama mtaro. Pia pembeni mwa bakuli kuna ukoko mweupe.

Kinachonitatiza ni hiki: udongo ni uleule, maji ni yaleyale ya kisima, mti ni uleule. Mbona kwenye kopo bovu ulistawi, na kwenye bakuli zuri unakufa?

KitaluTanga

Pole dada. Majani ya njano mara nyingi ni njaa. Bakuli dogo chakula huisha upesi. Weka mbolea ya dukani ya NPK kidogo, nusu kijiko cha chai kwenye lita 5 za maji, utaona mabadiliko.

BabuMikwaju

Mwanangu, nakuomba usiweke mbolea yoyote kwa sasa. KitaluTanga hajakosea kuhusu njaa kwa mti mzima, ila udongo unaonuka mtaro maana yake mizizi inaoza kwa kukosa hewa. Mzizi unaooza hauli, na chumvi ya mbolea itauchoma hata ule uliobaki.

Swali lako la kopo na bakuli ndilo lenye jibu lote, na unaweza kuliona jikoni kwako. Chukua sponji ya kuoshea vyombo, ile ya mstatili. Iloweke mpaka ishibe, kisha ilaze bapa juu ya vidole bila kuikamua. Itadondosha maji, halafu itaacha. Subiri mpaka uone kweli imeacha. Sasa isimamishe wima. Maji yataanza kutiririka upya. Hukuongeza maji wala hukuikamua. Umebadilisha kimo tu.

Udongo kwenye chungu ni hivyohivyo. Maji ya ziada yakishatoka, tabaka la chini kabisa hubaki limeshiba, halina hewa. Kimo cha tabaka hilo kinategemea ulaini wa udongo, hakitegemei kina cha chungu. Tuseme udongo wako laini unashika maji sentimita 4 kutoka chini. Kwenye kopo lenye kina cha sentimita 18 mizizi ilibaki na sentimita 14 za kupumulia. Kwenye bakuli la sentimita 5 imebaki na 1. Kwa hiyo kadiri chungu kinavyokuwa kifupi, ndivyo udongo unavyotakiwa uwe wa chembe kubwa zaidi. Watu wengi hufanya kinyume, wanaona chungu ni kidogo wanaweka udongo mzito ili ushike maji.

Chembe nzuri ni za milimita 2 mpaka 6. Wajapani wanatumia udongo wao mwekundu uitwao akadama, lakini kuuagiza hadi Dar ni kutupa fedha wakati matofali ya kuchoma yamejaa kila penye ujenzi. Mimi naponda vipande vya matofali, napitisha kwanza kwenye chekeche la mafundi wa plasta, kinachobaki juu nakiponda tena. Kilichopita nakipitisha kwenye wavu wa mbu wa dirishani, vumbi linatoka, nabaki na chembe. Naziosha mpaka maji yatoke meupe. Chagua tofali lililoiva sawasawa, ukiligonga linalia. Tupia kipande kwenye glasi ya maji kilale humo. Kikigeuka tope asubuhi, tofali hilo halifai.

Mkwaju wangu unakaa kwenye matofali sehemu tatu, mkaa uliopondwa sehemu moja, na mboji iliyoiva na kuchekechwa sehemu moja. Mchanga wa ufukweni usiuguse, una chumvi.

KitaluTanga

Nashukuru kwa kunirekebisha mzee wangu. Ila kokoto chini ya chungu sisi tunaweka miaka yote ili maji yapite. Hilo nalo ni kosa?

BabuMikwaju

Ndiyo, kwenye chungu kifupi ni kosa kubwa. Maji hayashuki kutoka udongo laini kwenda kwenye kokoto mpaka ule udongo wa juu ushibe kabisa. Ukiweka kokoto sentimita 2 umelipandisha tope sentimita 2 juu, karibu na shina. Weka kipande cha wavu juu ya tundu ili udongo usimwagike, basi, na mchanganyiko uwe wa aina moja kutoka chini mpaka juu.

Wanjiru_Nakuru

Huku kwetu tunatumia mawe mepesi ya volkano kutoka Longonot, yaleyale wanayopandia maua kwenye mashamba ya Naivasha. Yana vitundu vingi ndani, yanashika maji na hewa kwa pamoja. Kama una jamaa anayesafiri Nairobi, mfuko mmoja utakutosha miaka. Lakini matofali pia yanafaa, nimeyatumia kwa mkuyu wangu.

MamaVyungu

Niongezee upande wa chungu maana ndiyo kazi yangu.

Dada, bakuli lako kwa vipimo halina shida. Urefu wa chungu huwa kama theluthi mbili za kimo cha mti, na kina kinakaribiana na unene wa shina, kwa hiyo macho yako yalichagua vizuri. Shida ni tundu. Bakuli la sentimita 30 linahitaji matundu mawili makubwa, kila moja likipitisha kidole gumba, na matundu madogo manne ya kupitishia waya wa kufungia mti. Mti usiofungwa hutikiswa na upepo, na kila ukitikisika vimizizi vipya vinakatika.

Kauri ya kung'aa inatobolewa kwa ncha ya kutobolea vigae. Bandika karatasi yenye gundi mahali pa kutoboa ili ncha isiteleze, tia maji muda wote, na usikandamize. Acha drili ijilie yenyewe. Chungu cha udongo kisichopakwa kitu ni rahisi zaidi, ukikiloweka usiku mzima ncha ya kawaida ya ukuta inatosha.

Kama utapenda kubadilisha, kwa shina la magamba kama la mkwaju mimi ningechagua chungu cha rangi ya udongo wenyewe. Kile cha kung'aa kinavuta macho, kinapendeza chini ya mti wa maua kama bogenvilea. Cha saruji usikipandie kikiwa kipya, kinatoa chokaa. Kijaze maji, ubadilishe kila siku chache kwa wiki tatu.

Salim_Maskati

Kutoka Oman: tahadhari na jua baada ya kuhama. Chungu kifupi kikipigwa jua la saa tisa kinachemka, hapa kiangazi nimewahi kukigusa nikarudisha mkono. Asubuhi jua, mchana kivuli.

Na ule ukoko mweupe ni chumvi ya kisima. Sisi huku maji yetu yana tabia hiyohiyo. Siku zote mwagilia mpaka maji yatoke kwa wingi chini, yabebe chumvi. Vikombe viwili vitatu vya juujuu vinaiacha ndani. Mvua ikinyesha kinga ndoo.

BintiTabata

Asanteni sana. Sponji nimeifanya, nikamwita na mume wangu aone.

Leo mchana nimeutoa mti. Kokoto za chini zilikuwa zimekaa ndani ya tope jeusi, na mizizi yote iliyofika pale ni myeusi. Nikiivuta, ganda linavuka kama soksi, unabaki uzi mkononi. Lakini pembeni kabisa, kwenye ukingo wa bakuli, nimekuta mizizi myeupe mingi tu imepanda kuelekea juu, kama inakimbia. Nifanye nini nayo? Na huu ni wakati sahihi wa kuhamisha mti mgonjwa?

BabuMikwaju

Mti mgonjwa kwa kawaida hauhamishwi, ila tope linalooza halisubiri. Kata myeusi yote kwa mkasi mkali mpaka ufike penye rangi ya krimu. Myeupe usiikate hata mmoja. Ukiuona mzizi mkuu mnene umejikunja na ni mzima, uache mpaka mwakani kabla ya mvua za vuli.

Bakuli liweke pembeni kwanza. Tafuta beseni la plastiki lenye kina cha sentimita 12 hivi, litoboe vizuri, uuguzie humo kwa mwaka mmoja. Funga kwa waya wa shaba uliochunwa kwenye waya wa umeme. Kivuli wiki tatu. Mbolea usiweke mpaka majani mapya yakomae. Kumwagilia chomeka kidole au njiti ya mshikaki, ikitoka na unyevu subiri. Matofali yatakauka upesi kuliko ulivyozoea, siku za joto huenda ukamwagilia mara mbili.

Kabla hujalala, kwangua matawi kidogo kwa kucha. Penye kijani pana uhai.

BintiTabata

Nimekwangua. Tawi la juu ni la kahawia na limekauka mpaka kwenye shina, nimelikata. Matawi mawili ya chini yana kijani, na shina lote lina kijani. Sasa uko kwenye beseni la kufulia la mtoto, nimelitoboa matundu manane, nimeuweka barazani upande wa mashariki. MamaVyungu, nakutumia vipimo vya bakuli faraghani, nataka la udongo, matundu mawili, liwe tayari vuli ya mwakani.