Fundi ananiambia MLIMA UMEJIFICHA! Mimi, mzaliwa wa Kibosho!

Wakuu, nimetoka kwake sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Mnamjua. Yule yule wa karibu na stendi, anayejiita rubani wa kompyuta. Simtaji.

Nimempa elfu sitini aniwekee X-Plane, mchezo wa kurusha ndege kwenye kompyuta, pamoja na mandhari ya uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) na hali ya hewa halisi, ile inayovuta taarifa za viwanja kutoka kwenye intaneti. Siku nne kompyuta inalala kwake. Leo naenda na mwanangu, kavaa shati jeupe la shule ili afanane na rubani. Tunapaa KIA, njia ya kurukia namba 09, nakata kushoto kuelekea nyumbani.

Maji.

Kiwanja kiko mita 894 juu ya usawa wa bahari, na bahari imekifuata mpaka getini! Boma Ng'ombe bahari. Machame bahari. Moshi mjini papa wanapiga foleni. Mlima Kilimanjaro wa mita 5,895, hata kichuguu hakuna!

Namuuliza, mlima uko wapi? Anagusa kioo kwa kidole chenye mafuta ya chipsi, alama ipo mpaka sasa, anasema: "Mzee, mlima huwa unajificha. Subiri asubuhi mawingu yaondoke."

SUBIRI ASUBUHI! Nikafuta mawingu yote, anga jeupe pee, bado maji. Namuonyesha. Anarudia: "Huwa unajificha, mzee." Mbele ya mtoto! Mchagga anafundishwa mlima! Na hela harudishi, eti kazi imekamilika.

Njiro Juu: Kwa hiyo mkuu ulisubiri mpaka asubuhi? Hahahaaa

Kiboriloni Kwetu: Huyo hakuweka ardhi ya Afrika. X-Plane sehemu ambayo ardhi yake haijapakuliwa inachora maji, viwanja vinabaki vinaelea. Fungua tena programu ya kusakinisha, kwenye ramani ya dunia chagua miraba ya Afrika Mashariki, iache ishuke usiku kucha. Mandhari ya KIA ni kiwanja tu, mlima haumo. Na mawingu hayaleti bahari.

Mleta mada: Asante mkuu. Lakini KWA NINI ALISEMA UMEJIFICHA?

Ndizi Mshale: Yule yule aliniwekea king'amuzi, chaneli zote Kiarabu. Namuuliza, ananijibu nitazoea.

Njiro Juu: Hamia Arusha mkuu, Meru haijifichi.

Mleta mada: USINILETEE MERU HAPA.

Mama Mbili: Afadhali nyie. Fundi wangu wa nguo ana kitenge changu tangu Pasaka, harusi Jumamosi, simu hapokei.

Ndizi Mshale: Wa Soko Kuu? Alimshonea shemeji yangu gauni, mikono yote miwili ya kushoto.

Mama Mbili: HUYO HUYO! Mwembamba, ana futi shingoni hata kanisani!

Mleta mada: Wakuu turudi kwenye mada. Kidole cha chipsi, mbele ya mtoto, "huwa unajificha"...

Kiboriloni Kwetu: Mama Mbili, nenda saa 12 asubuhi kabla hajafungua, kaa mlangoni. Usitume mtu.

Mama Mbili: Kesho nipo pale. Nabeba na kigoda.