Prado inatetemeka ikifika 90 kwenye lami, tairi zimeshabalansiwa. Nianzie wapi?

AsaliSikonge:
Wakuu habari za kazi. Nina Prado 120, injini ya 1KZ, gia za mkono. Nafuata asali Sikonge na kuipeleka kwa wateja Nzega, kwa hiyo hii gari inakula vumbi, matope na lami kwa zamu.

Nikitoka Tabora mjini, nikishapita Isikizya na barabara ikanyooka, ikifika 85 inaanza kutetemeka. Kwenye 95 ndiyo balaa, mpaka ndoo za asali nyuma zinalia. Nikivuka 105 inapungua. Ndani ya mji huwezi kujua kama ina tatizo.

Gereji ya kwanza walibalansi tairi, hola. Wakasema shokapu, nikanunua mbili za nyuma, hola. Sasa wanasema tairi zote nne zimeharibika umbo, ninunue mpya. Kashata (meno ya tairi) bado ndefu na pembeni sioni nundu yoyote. 265/65R17 nne ni mtaji wangu wa msimu mzima. Kabla sijatoa hiyo hela naomba ushauri wa mtu anayeyajua haya magari.

Mwandiga79:
Pole dada. Mimi nipo huku Kigoma na Land Cruiser 79. Kabla ya yote lala chini uangalie ndani ya rimu, upande usioonekana. Udongo mwekundu wa Kasulu ukiganda mle ni kama tofali, na gari inatetemeka kuanzia 80. Wanaoosha magari wanapiga maji upande wa nje tu. Chokonoa kwa bisibisi, kisha osha.

Halafu angalia nati. Kama gari ilikuwa na rimu za aloi za kiwandani ukaweka za chuma, nati haziingiliani. Zile za aloi zina washa bapa, rimu ya chuma inataka nati yenye kichwa cha mteremko ili ijiweke katikati. Ukifunga kwa nati zisizo zake, rimu inakaa pembeni kidogo na siku moja inaweza kung'oka.

FundiGungu:
Dada, usinunue tairi bado. Nakuomba sana. Spea ya kubahatisha inamaliza hela ya mtu na ugonjwa unabaki palepale.

Tuanze na mtetemo wenyewe, ni wa namna gani? Tairi yako ikizunguka mara moja inakwenda karibu mita 2.4. Kwenye 90 kwa saa gari inakula mita 25 kila sekunde, maana yake tairi inazunguka kama mara 10 kwa sekunde. Propela, lile bomba refu linalopeleka nguvu kutoka giaboksi, inazunguka karibu mara nne ya hapo, kwa kuwa difu (gia za kwenye ekseli) ndiyo inayopunguza mwendo kabla haujafika kwenye tairi. Kwa hiyo propela iko kwenye 40 hivi.

Tofauti hiyo mwili unaisikia. Tairi inadunda: ikiwa ya mbele usukani unacheza kushoto kulia, ikiwa ya nyuma kiti kinakurusha. Propela inavuma, kama mashine ya kusaga iliyo chumba cha pili. Inatokea sakafuni, na ukishika leva ya transfa (ile gia ndogo ya 4WD) kiganja kinawasha.

Sasa nenda kwenye barabara nyooka isiyo na magari. Shika 95 kwenye gia ya tano, kisha rudi ya nne kwa mwendo uleule. Baadaye weka nyutro, acha iteleze, injini iunguruma taratibu tu (sailensa), usizime. Kama nyutro inatetemeka vilevile, injini na klachi hazihusiki. Ukikanyaga breki je, inazidi? Niletee majibu, pia niambie ni kazi gani ilifanyika chini ya gari kabla ya tatizo kuanza.

AsaliSikonge:
Asante fundi. Usukani umetulia kabisa. Nyutro inatetemeka vilevile, gia ya nne na ya tano hakuna tofauti, breki haibadilishi kitu. Niliweka chupa ya maji kwenye kiti cha abiria, maji juu yanafanya vimawimbi vidogo sana, vya haraka. Sakafu chini ya miguu inavuma. Rimu ni zilezile za kiwandani na nati zake, ndani nimekwangua, udongo ulikuwa kidogo tu.

Kazi iliyofanyika: mvua zilipoisha gereji ileile walinibadilishia krosi (viungio vya msalaba) za propela ya nyuma, zilikuwa zinalia kilikili nikirudi rivasi.

FundiGungu:
Hilo la krosi ni kubwa. Mawimbi madogo ya haraka na usukani uliotulia vinaitaja propela, na propela imeguswa na mkono wa mtu hivi karibuni.

Ila Prado yako inavuta miguu yote minne muda wote, propela ya mbele nayo haipumziki. Tuhakikishe ni ipi. Fungua ya mbele yote, iweke kando, sogeza leva ya transfa mpaka loku ya difu ya kati (inayofunga mbele na nyuma zizunguke pamoja) iingie, kisha endesha kwa miguu ya nyuma peke yake. Mtetemo ukiisha, tatizo ni ya mbele. Ukibaki, ni ya nyuma. Ukiegesha ikiwa hivyo usiiamini gia, vuta hendibreki na uweke mawe.

Kama ni ya nyuma, itazame ikiwa imefungwa kwenye gari. Kila mwisho wa bomba kuna uma, zile pembe mbili zinazoshika krosi. Uma wa mbele na wa nyuma lazima vilale usawa mmoja. Krosi ikizunguka kwa pembe, mwendo wake unaharakisha na kupoa mara mbili kila mzunguko. Krosi ya pili inafuta kosa la kwanza, lakini iwapo tu uma zimelingana. Fundi akiichomoa kwenye meno bila kuweka alama ya rangi, akairudisha ikiwa imeruka jino, hakuna kinachofutwa, na kwenye 40 kwa sekunde lazima utaisikia.

Angalia pia kama bomba lina bonde la jiwe, au alama ya weldi mahali ambapo kipande cha balansi kimedondoka.

Mwandiga79:
Fundi, kwa hiyo na ya mbele uma zilale sawa?

FundiGungu:
Ya mbele usiikisie. Land Cruiser 80 kwa mfano, ya mbele inatoka kiwandani uma zikiwa zimepishana makusudi. Weka alama kabla hujafungua, rudisha kama ulivyoikuta.

AsaliSikonge:
Nimerudi wakuu. Nilimpelekea fundi mwingine hapa Ng'ambo nikamsomesha huu uzi. Bila ya mbele mtetemo ulibaki. Tukaiangalia ya nyuma, uma zimepishana, hata mimi nisiye fundi nikaona. Imeruka meno mawili. Amechomoa, amelinganisha, ametia grisi mpya, akafunga. Jana nimefika Puge kwa 100, ndoo kimya. Fundi wa Gungu, Mungu akubariki. Kuna kitu kidogo kimebaki, kwenye 110 usukani unacheza kwa mbali.

FundiGungu:
Alhamdulillahi. Huo wa usukani ni wa kudunda, sasa hapo ni tairi za mbele. Hamisha za mbele nyuma, za nyuma mbele. Mtetemo ukihamia kwenye kiti, mojawapo ya ulizopeleka nyuma ndiyo mbaya. Zipeleke hizo mbili kwenye balansi, na mwambie fundi azizungushe kwanza bila risasi (vile vizito vya kubalansi) ili uone ipi inayumba. Ikiyumba rimu imepinda, risasi haitasaidia. Na zile bolti za flenji ya propela, zikazwe tena baada ya safari hii ya kwanza.