Safari ya Mama Houston ✈️ (Familia ya Kijichi)

JUMANNE

19:42 Rukia: Assalamu alaikum wote. Zimebaki siku tisa. Leo nataka tumalize habari ya vifaa vya umeme, kesho nipime mabegi. Mwanaidi, draya ya saluni, pasi ya nywele na lile birika dogo niletee Alhamisi.

19:43 Rukia: Wasichana wa harusi ni sita na saa nne asubuhi wote wawe tayari. Saluni za huko ni ghali, Asha kasema mwenyewe.

19:58 Rukia: Naona tiki za bluu. Mmesoma au hamjasoma?

20:06 Shangazi Bi Tatu: Waalaikumu salaam. Mwambieni Asha nampelekea ubuyu na achari ya embe

20:07 Rukia: Shangazi, ubuyu tulishaumaliza, upo kwenye orodha. Sasa hivi ni umeme.

20:10 Dulla: Umeme si adapta tu dada. Mi Guangzhou nimekaa wiki tatu, kila kitu nilichomeka. Kariakoo zimejaa, za matundu ya kila nchi. Nakuchukulia mbili

20:11 Rukia: Asante mdogo wangu. Basi hapo tumemaliza.

20:34 Mwanaidi: Hatujamaliza. Draya yangu haiendi

20:35 Rukia: Kwa nini?

20:37 Mwanaidi: Imeandikwa 220–240V, wati 2000. Marekani umeme wao volti 120. China ni 220, karibu sawa na huu wetu wa 230, ndiyo maana Dulla alichomeka akapona. Adapta inabadilisha miguu ya plagi tu, volti haizigusi

20:38 Rukia: Sasa kama umeme wao ni mdogo si ndiyo salama? Haitaungua.

20:40 Mwanaidi: Haitaungua, ila volti zikishuka nusu joto linabaki kama robo. Nitampulizia bibi harusi upepo wa feni mpaka magharibi

20:40 Mwanaidi: Ya kuungua ni ya kutoka huko kuja huku. Hilo mimi na wewe tunalijua

20:41 Dulla: 🙊

20:41 Rukia: Mwanaidi tusianze.

20:43 Mwanaidi: Sijaanza dada. 2016 nilinyamaza. Niliambiwa chomeka tu, ikatoa cheche mteja yuko kwenye kiti, ikaondoka na ekstensheni yangu. Na elfu sitini yenu nikadaiwa mpaka Idi

20:44 Rukia: 🚫 Ulifutwa ujumbe huu

20:45 Mwanaidi: Nimeshausoma

20:47 Shemeji Frank: Jamani mbona rahisi, bebeni lile jenereta la Kijichi, volti 230 safi kabisa 😂

20:48 Dulla: 😂😂 mzee wa uhamiaji atauliza "madam, what is this", Rukia anavuta kamba, trrrrr

20:49 Shangazi Bi Tatu: Petroli hairuhusiwi kwenye ndege

20:49 Dulla: 😂😂😂😂

20:52 Wifi Neema: Samahanini, ndiyo natoka zamu. Ile mashine ya mama ya kuvutia dawa ya pumu, nani kaangalia imeandikwaje?

20:53 Shemeji Frank: Dulla ile ya kamba ilishakufa, siku hizi ni ya kitufe

20:53 Dulla: Ya kitufe betri yake ilihamia kwenye bodaboda ya nani? 👀

20:54 Shemeji Frank: Hayo yaache hayohayo 😂

21:15 Wifi Neema: Nimeuliza mashine ya mama.

21:16 Rukia: Ipo wifi. Nimeshaifunga kwenye begi la mkono, pamoja na dawa zake.

21:16 Wifi Neema: Naomba uifungue uangalie kibandiko cha chini.

21:38 Rukia: 📷 Picha

21:39 Rukia: 230V 50Hz.

21:41 Wifi Neema: Basi hiyo kule haifanyi kazi inavyotakiwa. Ina mota ya kusukuma hewa. Mvuke ukiwa hafifu dawa haifiki kifuani, na mama akibanwa ni usiku.

21:52 Mama: Nipo wanangu nawasoma. Msigombane

JUMATANO

06:05 Mjomba Hamisi: 🎤 Sauti (2:14)

06:22 Dulla: Shikamoo mjomba. Niko mwendokasi nimesimama, siwezi kusikiliza. Nani atuandikie?

06:48 Shemeji Frank: Shikamoo mjomba. Mjomba anasema ipo transfoma ya kupandisha 120 kuwa 230. Kwa draya ya wati 2000 ni lichuma la kilo nyingi, litakula begi zima. Halafu soketi ya kawaida ya nyumba za huko ni ampea 15. Zidisha kwa 120 unapata wati 1800, kwa hiyo draya ya Mwanaidi ikipewa moto wake wote inaweza kuangusha swichi ya sakiti.

06:50 Shemeji Frank: Mashine ya mama inakula wati chache, transfoma ndogo ingeiweza kwa upande wa volti. Lakini umeme wao ni hezi 60 (hiyo Hz, mizunguko ya umeme kwa sekunde), wetu 50, na transfoma hezi haizigusi. Mota iliyotengenezwa kwa 50 tu usiibahatishe, hasa ya mgonjwa.

06:58 Mjomba Hamisi: FRANK UMEELEZA VIZURI. MIAKA 30 NIMEFUNGA NYAYA SIKUWAHI KUMPA MTU UMEME WA KUBAHATISHA. DADA YANGU HAPANDI NDEGE MPAKA NIMEONA MASHINE INAYOFANYA KAZI KULE. HAYA YA NYWELE MTAYAZUNGUMZA BAADAYE

06:59 Wifi Neema: Ahsante mjomba.

07:03 Dulla: 🙏

07:20 Shangazi Bi Tatu: Mjomba kasema

09:31 Rukia: Sawa mjomba. Shikamoo. Nimekuelewa.

13:12 Asha Houston: Shikamooni wote, huku saa kumi na moja alfajiri, ndiyo naamka nakuta meseji 60. Mama usijali

13:14 Asha Houston: Nilishawahi kuulizia mashine ya hivyo ya mama wa rafiki yangu, walitaka karatasi ya daktari wa huku. Siku ya kwanza ya mama hapa sitaki nihangaike na hilo

13:15 Asha Houston: Draya msilete kabisa, nitanunua hapa na itabaki hapahapa. Mwanaidi, pasi yako je?

13:21 Mwanaidi: Pasi imeandikwa 100–240V, 50/60Hz. Hiyo inaenda popote, inataka adapta tu. Birika ni 220–240, libaki

13:26 Wifi Neema: Zipo mashine ndogo za pumu za kushika mkononi, zinachajiwa kwa waya wa USB kama simu. Chaja za simu nyingi ni 100–240V. Hiyo mama anaitumia Doha wakisubiri ndege, anaitumia na Houston. Doha plagi zao kama zetu, adapta ni ya Houston tu.

13:27 Wifi Neema: Ila aanze kuitumia hapahapa nyumbani kabla ya safari. Na daktari wake aone kama dawa yake inafaa kwa aina hiyo.

13:30 Wifi Neema: Na ile pampu yake ya kupuliza isitoke kwenye pochi. Umeme uwepo usiwepo, hiyo inafanya kazi.

13:33 Dulla: Naenda kuulizia maduka ya vifaa vya hospitali nikitoka kazini. Mi nina pawabenki ya mAh 20,000 mama aibebe, itachaji hiyo mashine

13:35 Shemeji Frank: mAh 20,000 ni kama wati-saa 74, mwisho wa kawaida kwenye ndege ni 100, inaruhusiwa. Ila mkononi, Rukia. Begi la chini hapana.

13:36 Rukia: Najua Frank.

13:40 Rukia: Bei yake ikoje na nani anachangia? Mimi tiketi mbili nimeshalipa. Naomba kila mtu aandike jina na kiasi, naanza:
1. Rukia 50,000
2.
3.

14:25 Rukia: Jamani?

15:02 Shangazi Bi Tatu: Na ubuyu uwekwe mbali na pasi ya nywele

16:47 Mwanaidi: 2. Mwanaidi 60,000

16:48 Mwanaidi: Hiyo ni ya mama. Ya 2016 bado ipo palepale

16:55 Rukia: Mwanaidi nipigie.

17:10 Mama: Mimi naweza kubaki tu, Asha atanitumia picha

17:10 Rukia: Mama unakwenda!

17:11 Mwanaidi: Mama unakwenda

17:11 Asha Houston: Mamaaa 😭 harusi haifungwi bila wewe

18:39 Dulla: Duka la kwanza wanazo za kuchomeka ukutani tu. La pili wamefunga. Kesho narudi mapema

18:40 Wifi Neema: Ukiipata piga picha kibandiko kwanza. Usilipe.

19:05 Mjomba Hamisi: PICHA HIYO NILETEWE NA MIMI

19:30 Rukia: 3. nani?