Ushirika wetu umegeuka mkutano wa michango: ibada na Injili tuzirudisheje?

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Naomba ushauri wenu. Ushirika wetu wa wasemaji wa Kiswahili huku ugenini hukutana mara moja kwa mwezi. Tukishafungua kwa sala zinafuata hesabu za michango ya misiba na wagonjwa, halafu nani hajatoa, halafu mambo ya uongozi. Neno linasomwa watu wakiwa wameshachoka, na sifa zimebaki pambio moja la kufungia. Inaniumiza, kwa sababu wengi wetu hatuna kanisa lingine ambalo lugha yake tunaielewa.

Mimi ni muuguzi wa zamu za usiku. Jumapili nyingi niko kazini au nimelala, kwa hiyo ibada yangu imekuwa ya kwenye simu. Halafu kuna mwenzangu kazini, mtu asiye na dini, anayeniuliza kwa nini huwa nainamisha kichwa kabla ya zamu kuanza. Natamani kumweleza habari za Yesu, ila nahofia taratibu za kazi. Ninyi mnafanyaje?

Dada yenu, muuguzi

---

Dada mpendwa, asifiwe milele.

Soma Matendo ya Mitume sura ya 6 huku ukiuwaza ushirika wenu. Kanisa la Yerusalemu nalo lilifika hapo. Wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku, na manung'uniko yakaanza. Mitume hawakusema shida ya wajane ni jambo la dunia liachwe. Wala hawakukubali liwamalizie muda wa kuomba na kulihudumia Neno. Waliagiza kusanyiko lichague watu saba wenye sifa njema, wakakabidhiwa kazi hiyo. Majina yote saba ni ya Kiyunani, nami naamini walichaguliwa kutoka upande ule ule uliokuwa ukiumia. Aya ya 7 inaendelea kusema kwamba Neno la Mungu likaenea na idadi ya wanafunzi ikazidi.

Kwa hiyo msifute michango. Mtu akifiwa ugenini anahitaji ndugu wa kumshika mkono, na huo ni upendo wa Kristo kabisa. Chagueni watu watatu au wanne mnaowaamini, wapewe daftari la fedha, watume hesabu kwa maandishi kabla ya siku ya kukutana, na mwenye swali awaulize wao siku nyingine. Siku ya ushirika iwe ya kusifu, Neno, maombi na ushuhuda. Kama kuna mchungaji anayeweza kufika, pangeni pia Meza ya Bwana. Anzeni na sifa wakati watu bado wana nguvu, na matangazo yaje mwisho, kwa kifupi. Katika kikundi chetu, badiliko hilo dogo la mpangilio ndilo lililofanya watu waanze kuleta majirani zao. Nani angemleta mgeni asikilize nani anadaiwa?

Kuhusu zamu zako, usijione Mkristo wa daraja la pili. Karibu mwaka 112, Plinio, gavana wa Kirumi wa Bithinia na Ponto, alimwandikia Kaisari Trajano kuhusu Wakristo wa eneo lake. Alisema walizoea kukutana siku maalumu kabla ya mapambazuko na kumwimbia Kristo kama Mungu. Ponto na Bithinia zimetajwa pia katika salamu za Waraka wa kwanza wa Petro, ambao uliandikwa kwa wageni waliotawanyika. Waliokuwa ugenini waliitafuta saa iliyowezekana, wakaitunza. Watafute wenzako wawili watatu wenye zamu kama zako, mkutane mkitoka kazini au siku ya mapumziko. Someni zaburi moja na sura moja ya Injili, mwimbe, mwombeane kwa majina. Nusu saa inatosha. Ibada ya kwenye simu ni msaada mkubwa kwa mgonjwa na kwa aliye mbali na kila mtu. Lakini simu haitajua kwamba umekonda, wala haitakuuliza mbona leo huimbi. Waebrania 10:25 inatuonya tusiache kukusanyika, na aya iliyotangulia inaeleza kwa nini: tupate kuhimizana.

Sasa huyo mwenzako. Yeye ndiye anayeuliza, na 1 Petro 3:15 ni kwa ajili ya saa kama hiyo: tuwe tayari kumjibu anayetuuliza habari za tumaini lililo ndani yetu, kwa upole na kwa hofu. Mwambie ukweli kwa sentensi mbili: unamwomba Yesu akupe nguvu na huruma kwa wagonjwa, kwa kuwa yeye amekuhurumia wewe. Akitaka zaidi, mwalike mzungumze nje ya saa za kazi. Hapo mweleze Injili yenyewe, kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, akazikwa, akafufuka siku ya tatu. Usiishie kumsifia ushirika wetu na uimbaji wetu, maana vyote hivyo mtu anaweza kuvipenda bila kumjua Bwana.

Wagonjwa ni jambo jingine. Mtu aliyelala kitandani hawezi kuondoka usipompendeza, kwa hiyo si haki kumhubiria huku umeshika dawa yake. Akiomba maombi mwenyewe, fuata utaratibu wa mahali pako, na kama hospitali ina kasisi, mwite. Soma pia sheria za nchi unayoishi. Ibara ya 18 ya Tamko la Haki za Binadamu la 1948 inataja uhuru wa kubadili dini na wa kuabudu peke yako au pamoja na wengine, lakini ziko nchi ambako kumshawishi mtu abadili dini ni kosa la jinai. Aliye huko atumie hekima, asiwaponze wenzake.

Kaka yenu katika Bwana

---

Shalom wapendwa.

Naongeza la watoto tu. Wetu wanaielewa lugha ya huku kuliko Kiswahili, na wakati wa mahubiri walikuwa wanakaa bila kupata chochote. Sasa somo linasomwa kwa lugha zote mbili, na kijana mmoja anaeleza kwa lugha ya huku, kwa ufupi, alichokisikia. Tumegundua hata jirani aliyealikwa anapata pa kushika. Nyimbo tumeziacha kwa Kiswahili, watoto wanazishika haraka sana.

Mama wa vijana wawili

---

Asanteni sana, mmenitia moyo. Nimemwandikia mwenyekiti wetu, amekubali tujaribu mpangilio wa sifa kwanza mkutano ujao, na hesabu zitumwe mapema kwa maandishi. Wauguzi wenzangu wawili tutaanza kuomba pamoja Alhamisi asubuhi tukitoka zamu. Mwenzangu nimemwalika tuzungumze siku yetu ya mapumziko, naye amekubali. Naombeni mtuombee siku hiyo. Na kama kuna mwenye Injili ya Marko iliyochapwa kwa lugha mbili, anijulishe niipate wapi, nataka niende nayo.

Dada yenu, muuguzi