Naomba ushauri: Pentax K1000 ya marehemu mjomba, lenzi imeota fangasi

Wakuu habari zenu, niko Kigoma hapa Mwanga. Mjomba alituachia kamera ya mkanda, Pentax K1000, imekaa kwenye sanduku la nguo miaka kibao na unyevu wa huku ziwani si mnaujua, sasa nikimulika lenzi na tochi ya simu naona ndani vinyuzi vyeupe kama utando wa buibui. Shata inapiga vizuri tu maana haihitaji betri, betri ni ya kipima mwanga, ambacho mshale wake umelala hata nilipoweka LR44 mpya. Hilo sijali sana, jua la Kibirizi saa sita na filamu ya ISO 200 nakadiria mwenyewe, tundu la lenzi naweka f/16 na kasi ya shata 1/250, maisha yanasonga.

Shida ni lenzi. Fundi simu mmoja anataka kuifungua aipanguse na spiriti, kusema ukweli namuogopa, bisibisi yake ndo hiyohiyo ya kufungulia redio. Kuna aliyewahi kusafisha fangasi ikakubali, au nitafute tu lenzi nyingine inayoingia hapo? Na hii yenye fangasi nikiiweka begi moja na kamera yangu ya dijito haitaiambukiza? Halafu mikanda mnasafishia wapi siku hizi, studio za huku ni pasipoti saizi tu, nikiituma Dar kwa basi na joto hili si itaungua?