Mkufunzi wa useremala amefungulia soda kwa patasi yangu

Assalamu alaikum nyote. Nimefungua uzi huu kumlalamikia mkufunzi mmoja. Jina lake silitaji, kwa kuwa hakuna mtu hapa mjini Lamu, kuanzia mtaa wa Mkomani hadi Langoni, asiyemfahamu mkufunzi yule ambaye shati lake limenyooshwa kiasi kwamba nzi akitua huteleza.

Leo asubuhi alifika karakanani kwangu kumkagua mwanafunzi wake anayefanya mafunzo ya vitendo. Kijana alikuwa akinakshi mfaa, ule mti wa katikati, wa mlango wa mbao ya mbambakofi, nao mfaa, kama mjuavyo, ndio uso wa mlango wa Lamu. Mkufunzi hakuutupia hata jicho. Alitoa soda mfukoni, akapapasa huku na huku, akaiokota patasi yangu nyembamba ya kuchimbia maua, niliyotoka kuinoa hadi ikawa inanyoa vinyweleo vya mkono, akafungulia chupa. Kifuniko kiliruka, nadhani kikatua kisiwa cha pili, Manda. Makali yakamegeka. Nilipopiga kelele, alikunywa kwanza, kisha akasema, "Ni chuma tu, mzee."

Huyu ndiye aliyewahi kunieleza mbele ya wateja kwamba mimi si fundi kamili, kwa sababu sijafanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, wa daraja la tatu lililo la chini, sembuse la kwanza. Sipingi mitihani, maana upo utaratibu wa kumpima na kumtambua fundi aliyejifunzia kazini, nami nitaufuata. Ninachouliza ni iwapo soda imo katika mtaala. Tena tangu Katiba ya Kenya ya 2010 vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya kaunti, kwa hiyo asije mheshimiwa yeyote hapa akaisingizia serikali kuu ya Nairobi patasi hii. Baada ya yote, alininyoshea daftari la mwanafunzi nilitie sahihi, patasi ingali mkononi mwake! Ni chuma tu, mzee!

MWANA WA MATONDONI: Pole, fundi, lakini wewe umepata nafuu. Mimi niliandikiwa kijana mwenye cheti kinachong'aa, nikampa pamba na mafuta akalafati jahazi, yaani azibe nyufa za mbao, akaniuliza silikoni iko wapi.

MPITA NJIA: Naomba kufahamishwa kama chupa ilifunguka kwa mkupuo mmoja. Ikiwa ndivyo, basi mkufunzi amefaulu mtihani wa vitendo, na anayestahili kurudi darasani ni mwenye patasi.

MWENYE UZI: Sioni cha kuchekesha. Alikunywa kwanza, ndipo akanijibu.

CHECHE: Wenzetu mnalilia patasi, ilhali sisi wa uchomeleaji tulifundishwa darasa zima kwa mashine moja, na siku ya mtihani ikaharibika. Mimi nilichora kiungo cha chuma ubaoni, nikapewa alama.

MAMA SHELA: Afadhali wewe ulichora. Binti yangu aliomba kusomea umeme, akaelekezwa kwenye ushonaji pasipo kuulizwa, eti nyaya si kazi ya wasichana. Huo ndio uzi uliofaa kufunguliwa, si habari za soda.

MWANA WA MATONDONI: Hata ushonaji wenyewe haufundishwi ipasavyo. Kanzu yangu ya Maulidi ilirudi ikiwa na mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake, na mshonaji akanionyesha cheti.

MWENYE UZI: Jamani, patasi yangu?

MPITA NJIA: Mama Shela, binti aliishia wapi? Swichi ya jikoni kwangu inatoa cheche, na fundi niliyemlipa nusu hapokei simu.

MAMA SHELA: Umeme alifundishwa na mjomba wake, na sasa anaunganisha nyaya vizuri kuliko hao wenye vyeti. Zima swichi kuu hadi afike, na usiiguse kwa mkono wenye maji.

MPITA NJIA: Nimezima. Aje leo.

MAMA SHELA: Atakuja baada ya Alasiri. Nauli ya boti ni juu yako, kwenda na kurudi.