Plastiki au MDF kwa vigari vya kulehemu wenyewe?

Fundi_Leicester: Wakuu, habari za jioni. Tuko kikundi kidogo hapa Uingereza, tunakimbiza vigari vya umeme vya mferejini (vinafuata mfereji wa njia na kuchukua umeme kwenye reli zake), saizi ya 1/32 ya gari halisi. Karibu chesisi zote tumelehemu wenyewe kwa shaba ya manjano. Ukumbi ni wa kukodi. Tununue njia ya plastiki ya Scalextric au ya Carrera, au tuchonge wenyewe ya MDF, ule ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa? Sitaki ugomvi kila Alhamisi.

Mzee_wa_Gia: Ukumbi wa kukodi? Basi plastiki, maana mtafunga na kufungua kila wiki. Mimi nachukua Carrera. Reli zake hazishiki kutu, mfereji una kina, na mifereji imeachana vizuri kwa sababu mfumo huohuo unabeba hadi vigari vya 1/24. Scalextric ipo tangu 1957 na vipande vya mtumba vimejaa huko kwenu, ila mfereji wake ni mfupi kwa kina. Ulimi (kile kipande cha mbele ya kigari kinachoingia mferejini) uliokatwa kwa ajili ya njia ya mbao unagota chini, pua inanyanyuka, umeme unakatika.

shaba_tupu: Mzee shikamoo, lakini hapo sikubaliani. Reli za plastiki huchomoza kidogo juu ya njia. Chesisi ya shaba ikishuka kwenye kona inagusa reli zote mbili: shoti! Kama mnatumia transfoma moja, hata wa njia ya pili anazimika. Kwenye MDF unalaza ukanda wa shaba uliosukwa chini kidogo ya uso, chesisi inapita bila kugusa. Tena shaba haivutwi na sumaku zile za chini ya kigari za kukishikiza njiani, kwa hiyo kona utaikata kwa kidole chako mwenyewe kwenye kontrola.

Mzee_wa_Gia: Marahaba. Bandika tepu ya umeme chini ya chesisi, shoti kwisha. Sumaku mpige marufuku tu. Hiyo MDF ataibeba kichwani?

Dada_Kontrola: 😂 Inabebeka ikikatwa vipande, ila kila kiungo ni kazi: kikipishana hata unene wa kadi, ulimi unajikwaa. Na pakeni rangi hadi upande wa chini, MDF ikinywa unyevu inavimba na mfereji unabana. Utepe wa shaba wa kubandika ni rahisi kuliko ukanda, lakini huanza kubanduka kwenye kona. Kwa ukumbi wa kukodi namuunga mkono Mzee.

Ila Fundi, ugomvi wenu hautaletwa na njia, utaletwa na tairi. Silikoni inataka njia kavu, safi. Wa sponji anapaka dawa ya kunata, inabaki barabarani, na wa silikoni akija nyuma yake anateleza kama yuko kwenye sabuni. Chagueni aina moja kwa usiku mzima. Mafuta ya ekseli tone moja, halafu futa. Kabla ya mbio, kitambaa chenye spiriti kidogo, mkifuata mwelekeo wa vigari.

Fundi_Leicester: Asante dada. Carrera basi, silikoni tupu, bila sumaku. Na nafasi ya chini ya chesisi?

shaba_tupu: Pitisheni kipande cha bati cha milimita 1 chini ya kila kigari kabla ya mbio. Kikikwama, mwenyewe arudi mezani. Na kila mtu azunguke njia zote, asiwepo wa kulalamika kapewa njia mbovu.

Mzee_wa_Gia: Hapo kwenye bati tumekubaliana 😄